Mkataba wa alama chuoni: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nasoma mwaka wa tatu katika chuo kikuu cha umma nchini Marekani, na kozi zangu mbili za uandishi zimeendeshwa kwa mkataba wa alama. Jamaa zangu wa Moshi na Dar wanaojiandaa kuja huku, pamoja na wachache walioko Nairobi, wananiuliza maswali yaleyale kila wanaposikia habari hii, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Niseme mapema: mimi nauunga mkono mfumo huu. Siungi mkono kila namna unavyotumika, na nitaeleza ni wapi ninapotofautiana na walimu wanaoupenda kuliko mimi.

Mkataba wa alama ni kitu gani?

Ni hati inayosomwa darasani wiki ya kwanza, inayosema ukitimiza kazi fulani kwa muhula mzima utapata alama fulani, mara nyingi B. Insha hairudi na 62 au 78 juu ya karatasi. Inarudi na maoni tu. Mwalimu anasoma kila rasimu, anauliza, anabisha, anapendekeza, lakini namba haandiki. Alama inakuja mara moja, mwisho wa muhula, kutokana na kazi ulizotimiza.

Mkataba unaotajwa sana ni ule wa Peter Elbow, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Massachusetts pale Amherst, na Jane Danielewicz wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill. Waliuchapisha mwaka 2009. Masharti yao hayana fumbo: hudhuria, usikose zaidi ya vipindi vya wiki moja, peleka kazi kwa wakati, fanya mazoezi yote ya darasani, soma rasimu za wenzako na uwape maoni yenye maana, ukiambiwa uandike upya, uandike upya kweli, si kusogeza koma, rasimu ya mwisho isafishwe makosa, nenda ukaonane na mwalimu anapokuita, kusanya kazi zako kwenye jalada. Ukitimiza hayo, B ni yako hata kama mwalimu hakuvutiwa na insha yako hata moja. Ukitaka kupanda juu ya B, hapo ndipo ubora wa maandishi unapoanza kupimwa.

Asao Inoue, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Arizona State, alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 2019. Kwake, ubora hauingizwi kwenye alama kabisa. Hata A inatokana na kazi ya ziada. Anasema kile kinachoitwa Kiingereza sanifu kimejengwa juu ya lugha ya Wamarekani weupe wa tabaka fulani, kwa hiyo anayekuja na Kiingereza cha kwingine anakatwa alama kabla hoja yake haijasikilizwa. Mimi niliyefunzwa Kiingereza na mwalimu wa Kilimanjaro, aliyefunzwa naye na mwalimu wa Kilimanjaro, naielewa hoja hiyo bila kuhitaji maelezo marefu.

Ni mtindo mpya huo?

Si mpya sana. Miaka ya 1920 mwalimu Mmarekani, Helen Parkhurst, alisifika kwa mpango wa Dalton, ulioitwa kwa jina la mji mmoja wa Massachusetts, ambamo mwanafunzi alipewa kazi za mwezi mzima kama mkataba na kuzipanga mwenyewe. Na hizo herufi tunazozitetemekea nazo zina umri mfupi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1785 rais wa chuo cha Yale, Ezra Stiles, aliwagawa wanafunzi wake katika makundi manne yenye majina ya Kilatini. Chuo cha Mount Holyoke kilianza kutumia herufi pamoja na asilimia mwaka 1897. Evergreen State College, katika jimbo la Washington, kimewapa wanafunzi tathmini za maelezo badala ya herufi tangu kilipofunguliwa mwaka 1971, na wahitimu wake wanapata kazi kama wengine.

Kwa hiyo kila mtu anapata B ya bure?

Hili ndilo swali linaloniudhi, kwa sababu anayeuliza hajawahi kuufuata mkataba mpaka mwisho.

Kozi ya krediti tatu huku (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi) inakadiriwa kuchukua saa tisa kwa wiki: tatu darasani, sita nje ya darasa. Katika kozi za kawaida wengi hatufiki huko. Tunajua kazi ipi ina uzito mkubwa, tunapiga msuli usiku wa kuamkia siku ya kuikusanya, nyingine tunazigusa juu juu. Mkataba unaifunga njia hiyo. Kila zoezi dogo linahesabiwa kuwa limefanyika au halikufanyika. Katika darasa letu uliruhusiwa kukosa vipindi vinne, kuchelewesha kazi tatu, na kutopeleka kazi moja. Ukizidisha, B inakuwa C, na hakuna insha tamu ya mwisho itakayokurudisha.

Nimewaona wenzangu waliozaliwa ndani ya Kiingereza, wenye kuandika ukurasa mzuri kwa nusu saa, wakiishia C. Walizoea kipaji kiwalipie deni la uvivu. Na nimemwona dada mmoja wa Kikongo aliyelelewa Bukavu, ambaye sentensi zake bado zilikuwa zinayumba, akimaliza na A kwa kuandika upya insha zake mara nyingi kuliko yeyote. Mwisho wa muhula insha yake ndiyo iliyosomwa kwa sauti darasani. Kama angewekewa namba kwenye rasimu ya kwanza, naamini angeihama kozi ile wiki ya tatu.

Linganisha na ripoti zetu za shule. Kuanzia mtoto wa ishirini mpaka wa mwisho, mwalimu wa darasa anaandika "ongeza bidii". Bidii ya nini? Iongezwe wapi? Kwa kufanya nini? Mtoto anarudi nyumbani anachapwa, muhula unaofuata anaandikiwa yaleyale. Mkataba angalau unaitaja bidii yenyewe, kazi kwa kazi, na tarehe zake.

Lakini bidii inapimwaje? Mwalimu haingii chumbani kwako.

Haingii, na hapa ndipo mimi na baadhi ya waumini wa mfumo huu tunapoachana.

Kuna njia mbili. Ya kwanza inahesabu kazi: rasimu imekuja, ina urefu uliotakiwa, maoni ya wenzako umeyajibu. Ya pili inahesabu muda. Unapewa jedwali la kujaza kila unapofanya kazi: tarehe, saa uliyoanza, saa uliyomaliza, ulikuwa wapi, ulifanya nini, ulijisikiaje. Katika kozi yangu ya pili tulikuwa nalo. Ukurasa wangu mmoja, ambao bado ninao, unasomeka hivi: Jumanne, saa mbili hadi saa tano usiku, maktaba ghorofa ya pili, kusoma makala na kutafuta maneno, nimechoka lakini nimeielewa sehemu ya tatu.

Mwanzoni jedwali lilinifurahisha. Makala ya kurasa ishirini inanichukua jioni nzima, wakati mwenzangu wa Iowa anaimaliza kabla ya chakula. Kwa mara ya kwanza mtu aliuona muda huo na kuupa thamani. Hoja ya Inoue ni hiyohiyo: kipaji na lugha ya nyumbani hatukugawiwa sawa, lakini kila mtu anaweza kutoa kazi.

Tatizo ni kwamba hata muda hatukugawiwa sawa. Mwenzetu mmoja alikuwa anapakia mizigo ghalani usiku, anaingia darasani saa mbili asubuhi akiwa hajalala. Mwingine ana ugonjwa ambao wiki nyingine haumruhusu kukaa kwenye kiti zaidi ya saa moja. Ellen Carillo aliandika kitabu mwaka 2021 kuhusu jambo hili: mkataba unaopima muda unamchukua mwanafunzi mwenye mwili mzima na akili isiyo na misukosuko kuwa ndiye mwanafunzi wa kawaida, kisha unawapima wengine wote kwa kipimo chake. Nakubaliana naye kabisa. Mtu mwenye ulemavu anaweza kuhitaji saa kumi kwa kazi ya saa nne, na mwingine akaifanya kwa saa mbili kwa kuwa hizo ndizo nguvu alizonazo. Ni nani kati yao amejitahidi zaidi? Jedwali haliwezi kujibu.

Halafu jedwali linafundisha kudanganya. Wiki ya sita hivi ilikuwa wazi kwamba baadhi ya watu wanajaza saa zao Jumapili usiku kwa kukisia, maana hakuna anayezihakiki. Ukimtaka mtu ashuhudie juu ya nafsi yake na alama ikategemea ushahidi huo, umempa sababu ya kutia chumvi.

Msimamo wangu: hesabu kazi zilizofanyika na rasimu zilizobadilika, basi. Jedwali la muda abaki nalo mwanafunzi, alitumie kujijua, lisiguse alama. Na idadi ya kazi ipangwe kwa kumfikiria yule wa ghalani.

Bila alama utajuaje kama unaendelea vizuri?

Kwa kusoma maoni. Najua jibu hili halimridhishi mtu aliyelelewa na Baraza la Mitihani na madaraja ya ufaulu, kwa hiyo nitoe mfano.

Niliandika insha kuhusu mama mdogo anayeuza mitumba katika soko la Memorial, Moshi. Rasimu ya kwanza ilisema ananunua belo la kilo 45 likiwa limefungwa, analipa kabla ya kuona kilichomo, kisha insha ikaruka kwenda kwenye biashara ya dunia na umaskini. Profesa aliandika pembeni maneno yaliyomaanisha hivi: "Umeniambia analipa bila kuona, halafu umekimbia. Anaamuaje? Mikono yake inafanya nini? Asubuhi ile anapiga hesabu gani?" Hakuandika zaidi ya hapo kwenye ukurasa ule.

Ingekuwa kuna 65 juu ya karatasi, ningeiangalia 65. Kwa kuwa haikuwepo, nilimpigia mama mdogo simu. Akanieleza: belo likifunguliwa, nguo zinatengwa mafungu matatu hapohapo chini. Fungu la kwanza sharti lirudishe mtaji ndani ya siku mbili tatu, maana wateja wa nguo nzuri wanakuja mapema na hawarudi. La pili ndilo faida. La mwisho anamwaga kwa bei ya kutupa kabla halijamjazia meza. Rasimu ya pili ilikuwa juu ya mafungu hayo tu, na biashara ya dunia ikaonekana yenyewe bila mimi kuitaja.

Hili lina utafiti nyuma yake. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti aliowafanyia watoto wa shule nchini Israeli: wengine walipewa maoni peke yake, wengine alama peke yake, wengine vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake ndio waliofanya vizuri zaidi na kubaki na hamu. Waliopewa vyote viwili hawakufaidika na maoni hayo. Alama ikikaa jirani na maoni, inayafunika.

Sharti lake ni kwamba maoni yawe ya kweli. Mwalimu anayeandika "vizuri, endelea" kwenye kila rasimu, katika darasa lisilo na alama, amemwacha mwanafunzi gizani. Nimekutana na hali hiyo pia, na huo si mkataba wa alama, ni kuacha kufundisha.

Wanafunzi wenyewe wanaupenda?

Hawakubaliani. Mwaka 2006 Cathy Spidell na William Thelin waliandika kuhusu wanafunzi walioupinga, na niliyoyasikia kwa wenzangu yanafanana: wengine wanauona unachanganya, wengine wanahisi kazi ni nyingi kuliko alama, wengine wanaona hawatambuliwi. Wanaolalamika zaidi ni wale waliokuwa wakipata A tangu darasa la kwanza. Siwabezi. Mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba yeye ni ile A anapoondolewa namba anabaki hajui asimame wapi. Ila nadhani ni afadhali akutane na hali hiyo akiwa na miaka 19, darasani, kuliko akutane nayo kazini ambako hakuna atakayempa A.

Je, mkataba unaweza kujadiliwa, au ni amri yenye jina zuri?

Inategemea mwalimu. Elbow na Danielewicz waliuita wazi kuwa ni wa upande mmoja: wao ndio wanaoweka masharti. Ira Shor, aliyefundisha New York, aliandika miaka ya 1990 kuhusu kujadiliana na wanafunzi wake karibu kila kitu, hata sera ya mahudhurio. Inoue naye hujadili mkataba mwanzoni na kuurudia katikati ya muhula.

Katika darasa letu tulipiga kura wiki ya saba, idadi ya vipindi vya kukosa ikabadilishwa kwa ajili ya wanaofanya kazi za zamu. Nilishangaa jinsi watu wazima ishirini na kitu walivyojadiliana kwa upole juu ya jambo hilo. Aliyetaka masharti yakazwe alisikilizwa, akajibiwa, akakubali. Mkataba usio na nafasi ya kurudiwa haustahili kuitwa hivyo. Uitwe kanuni, tujue.

Akili mnemba haijaua mfumo huu?

Imeujeruhi. Kama kinachohesabiwa ni rasimu kufika, programu inaweza kuileta rasimu kwa sekunde chache. Sitaki kulipunguza hilo.

Ninachokiona ni kwamba wengi wanaoiba maandishi huku, kama wanaodesa kwetu, wanaiba kwa hofu: usiku umekwisha, alama ni kubwa, Kiingereza kinagoma. Mkataba unaiondoa sehemu kubwa ya hofu hiyo, kwa sababu rasimu mbaya haikugharimu chochote. Rasimu yangu mbovu inahesabiwa sawa na nzuri ya jirani, kwa hiyo sina haja ya kuazima ya mashine. Anayetafuta njia ya mkato ataitumia tu, kama anavyoitumia katika kozi zenye alama. Kinachosaidia ni kukaa ana kwa ana na mwalimu dakika kumi na tano, rasimu mezani, akuulize kwa nini umeihamisha aya ya pili. Hapo mashine haikusaidii.

GPA (wastani wa alama, ambao huku kilele chake ni 4.0), visa na ufadhili vinaathirika?

Hapana. Kwenye hati ya matokeo inaonekana herufi ileile, na B ni 3.0 kama B nyingine yoyote. Aliye kwenye visa ya F-1, yaani ya mwanafunzi, anatakiwa asome kwa muda wote, si nusu muda, kwa kawaida krediti 12 kwa muhula katika shahada ya kwanza. Chuo hakijali kozi zinapimwa namna gani. Ila soma masharti ya mfadhili wako. Kama anataka wastani wa 3.5, B ya uhakika haikutoshi, na itabidi ufanye kazi ya ziada ya kupandia A. Anza mapema, maana kazi hiyo ya ziada haifanyiki wiki ya mwisho.

Unaweza kufanya kazi katika vyuo vya kwetu?

Kozi nzima, sioni. Vyuo vingi Tanzania vinagawa 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Kenya wengi wanatumia 30 kwa 70. Mwanafunzi anayeogopa sapu (kurudia mtihani) na disko (kuondolewa chuoni) hana nafasi ya kufanya majaribio na rasimu. Na kozi ya stadi za mawasiliano ya mwaka wa kwanza inaweza kuwa na mamia ya watu ukumbini, mhadhiri mmoja na kipaza sauti. Nani atasoma rasimu tatu za kila mmoja?

Lakini zile 40 ziko mikononi mwa mhadhiri na wasaidizi wake. Chukua 10 tu kati ya hizo. Wagawe wanafunzi kwenye makundi ya semina yaliyopo tayari. Kila mmoja alete rasimu, asome za wenzake wawili, aandike upya, alete tena akiwa na maelezo ya aya moja: nimebadilisha nini na kwa nini. Aliyefanya yote anapata 10, aliyefanya nusu anapata 5. Msaidizi anasoma ile aya na kuilinganisha na rasimu, hahitaji kusahihisha ukurasa mzima. Naandika hivi nikiwafikiria vijana niliosoma nao kidato cha sita, wenye hoja kali kuliko zangu, ambao hawajawahi hata siku moja kuombwa na mwalimu yeyote waandike kitu kile kile mara ya pili.

Nikiukuta mkataba kwenye silabasi, niulize nini siku ya kwanza?

Uliza kama A inatokana na kazi ya ziada au na ubora, na ni nani anayeamua ubora huo. Uliza kama muda unahesabiwa. Uliza kinachotokea mtu akiugua wiki mbili au akifiwa nyumbani na kulazimika kusafiri, kwa sababu nauli ya kwenda Kilimanjaro na kurudi haipatikani kwa siku tatu, na msiba wetu hauishi siku ya maziko. Omba jibu hilo liandikwe. Walimu huku hawachukulii swali kama utovu wa adabu. Ukinyamaza, watadhani umekubali. Kisha uliza mkataba utajadiliwa tena lini, uandike tarehe hiyo, na wiki ile uende darasani ukiwa na la kusema.